Ni Wewe Utakayekaa na Yaya Lusaka

Nyumbani kwa Kalumba,
Kabuta, Nchelenge.
14 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Chouchou,

Pokea salamu kutoka huku ziwani, ambako baridi ya mwaka huu imetuingia mpaka kwenye mifupa. Habari za Kitwe? Watoto hawajambo? Na mguu ule ulioteguka sokoni umepona, au bado unauburuta huku ukiwaambia watu kwamba haukuumi? Mimi sijambo. Shamba langu la kule Mantapala, kambini kwetu wakimbizi, limenipa mihogo ya kutosha, na mume wangu Barthélemy anakohoa kidogo tu.

Barua hii ataileta jirani yetu Thelma, anayekuja huko na samaki wake. Nimeona niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu nyumba ya yaya ni ndogo na masikio yake ni makubwa. Tena wewe na mimi tukishika simu tunalia tu, salio linaisha hatujasema kitu.

Habari ya dada yetu mkubwa, yaya Dorica, ndiyo hii. Ile saratani ya ovari iliyomfanya apasuliwe mwaka juzi imerudi. Ilianza kama mara ya kwanza. Anakula matonge machache ya ugali anasema ameshiba, kisha tumbo likaanza kujaa. Hospitali walimtoa maji tumboni, akapumua vizuri, wakampima, wakatuita. Daktari hakutuficha. Alisema safari hii dawa haitaumaliza ugonjwa, lakini inaweza kuurudisha nyuma na kumpa yaya muda mzuri, na muda wenyewe ni kiasi gani yeye hawezi kusema. Inabidi arudi Lusaka kutundikiwa dawa kama zamani, na asichelewe.

Najua uliposikia ulisema unakuja Kabuta kumwona kwa mara ya mwisho. Nakuomba usije. Soma kwanza mpaka chini, ndipo ukasirike.

Huku ukoo wote ulishakuja. Ndugu za mume wa yaya, shemeji Kalumba, walivuka kutoka kisiwa cha Kilwa cha hapa ziwani na mikeka, kuni na unga, kama watu wenye adabu wanavyokwenda kwa mgonjwa. Ilikuwa asubuhi, upepo wa ziwa unakata, na wanaume walikuwa wamelowa mtumbwini. Wakawasha moto mkubwa mbele ya nyumba, wakauzunguka, wamejifunika mablanketi, kimya. Wanawake wakaingia ndani na unga. Unajua huku moto wa namna hiyo huwashwa siku gani. Huwashwa siku ya msiba, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria. Mimi mwenyewe niliwapelekea chai.

Patson, yule kijana wa baiskeli anayepeleka samaki bara, alipita akauona moto na wanaume wamekaa, akavua kofia. Hakuuliza. Alikanyaga baiskeli mpaka kanisani akawaambia. Kabla jua halijawa kali akina mama wa kanisa walishafika, wanalia tangu barabarani, na mmoja amejitupa mlangoni anamwita yaya kwa jina, anamuuliza amemwachia nani.

Yaya alikuwa chumbani anajifunga kitenge. Akatoka, akasimama mbele yao.

"Ni nani alikufa?" akauliza. "Muniambie, na miye nilie."

Watu walicheka baadaye, na mimi nilicheka. Yaya hakucheka. Alirudi kitandani akageukia ukuta. Shemeji alipomwambia kwamba nafasi ya basi la Lusaka imepatikana, akamjibu, "Mulishanililia. Ku Lusaka naenda kufanya nini?" Nilimbembeleza, nikampigia magoti, nikalia, na kadiri nilivyolia ndivyo alivyokaza shingo. Niliogopa sana, Chouchou. Dawa ipo, basi lipo, na dada yetu amelala anangoja kufa kwa sababu ya moto wa kuota baridi.

Aliyemnyanyua ni Mumba. Wewe humjui. Ni mwanamke wa hapa hapa Kabuta anayeanika chisense, wale dagaa wadogo wa ziwani, kando ya mahali pa yaya. Pale mchangani kila mwanamke ana pake. Hakuna alama yoyote, lakini jaribu kuanika pa mwenzako uone. Mumba aliingia bila kusema pole, bila kuketi. Akasema yaya aende asiende, pale pake panakaa bure na chisense zinakuja, basi yeye anapachukua.

"Unapachukua kwa nani?" yaya akauliza.

"Kwa mutu mwenye iko nalala."

Ungemwona dada yako. Aliinuka, akatafuta viatu, akachukua fimbo ya Kalumba akashuka nayo mpaka ufukweni, mimi nyuma namfuata na shuka. Waligombana mbele ya wanawake wote, kwa Kiswahili na kwa Kibemba, mpaka jasho likamtoka. Mwisho wakakubaliana Mumba aanike nusu, upande wa mitumbwi, na yaya akirudi ampishe. Maneno hayo ya kurudi aliyasema yaya mwenyewe. Jioni alikula, si chakula kingi, akasema ataenda Lusaka.

Ila ametoa sharti, na sharti lenyewe limenichoma. Hataki nikae naye mimi. Mwaka juzi nilikuwa naye kila mara dawa ilipotundikwa. Nililala sakafuni kando ya kitanda chake, nilifua, nilimshikia beseni. Nilidhani jina la kwanza mdomoni mwake litakuwa langu. Akaniambia, "Weye uko naniangalia sana. Nikifungua macho ni weye tu, uko naniangalia kama maiti. Nataka Chouchou. Ule atanigombeza."

Nilikasirika. Nilikwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nilimwambia Barthélemy maneno ambayo sitayaandika hapa. Sasa nimepoa kidogo. Yeye ndiye anayeumwa, na uso wa kuamka nao ana haki ya kuuchagua.

Kwa hiyo garde-malade, mtu wa kukaa na mgonjwa hospitalini, ni wewe. Atafika Lusaka Alhamisi, na shemeji atamsindikiza mpaka akukabidhi, kwa sababu katika wodi ya wanawake hawatamruhusu kulala. Usimkumbatie kwa nguvu, tumbo linamuuma. Lakini mpe mzigo mdogo abebe, usipompa atanuna.

Dawa haimkamati siku ile ile, humkamata kesho yake. Kwa hiyo asikudanganye jioni ya kwanza akisema hana neno. Mpikie uji mwepesi, umpe ukiwa umepoa. Samaki usimpikie karibu, harufu itamtapisha, ingawa ndiyo kazi yake ya miaka yote. Mdomo ukitoka vidonda, asukutue maji ya chumvi. Vidole vyake hufa ganzi, asishike sufuria ya moto. Na akipata homa, hata kidogo, hata usiku, usingoje asubuhi. Ninarudia, usingoje.

Daktari aliuliza pia kama yaya ana dada, maana ugonjwa huu mara nyingine hutembea katika damu ya familia moja. Mimi nimepangiwa kwenda kupimwa. Na wewe ukiwa huko uwaulize. Usiniambie huna nafasi, nafasi ya kubishana na wateja unaipata kila siku.

Mgombeze kwa chakula, kwa nguo, kwa lolote utakaloona. Ila dawa ikimzidi atanyamaza. Hapo usigombane naye wala usimbembeleze, keti tu, uangalie pengine. Ukitaka kulia, toka nje.

Jambo la mwisho ndilo zito kwangu. Iko siku, pengine katikati ya dawa, atakuuliza mbona sikuja. Atauliza, namjua tangu tulipokuwa tunalala mkeka mmoja. Usimkumbushe kwamba ni yeye aliyenikataa. Mwambie niko njiani, halafu unipigie, iite mara moja tu ukate. Karatasi ya ruhusa ya kutoka Mantapala nimeshaiomba, na mfuko wangu umefungwa uko chini ya kitanda.

Nisalimie shemeji Dédé, umwambie asikasirike kwa kubaki na masufuria. Mbusu Luse kwenye mashavu yote mawili. Barthélemy anakusalimu, Kalumba pia, na yaya amesema nisikuandikie salamu zake, atakuletea mwenyewe.

Mungu aulinde mlango wako, akupe mikono ya subira na ulimi usiochoka.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo ninapokuonea wivu,

Pierrette