Matofali ya mulango mukubwa

Jumatatu, 6 oktoba 2025
Binti yangu Clarisse ndiye chef wa chantier, mukubwa wa kazi ya ujenzi! Kanisa ya zamani, ile ya bamisionari, tetemeko ilibomoa mbele yote. Kampuni ilitaka kuleta katapila, isukume yote mu bonde. Clarisse akakataa: tutachagua tofali kwa tofali, tutaijenga tena na mwili yake yenyewe. Bakubwa bakamusikiliza! Mimi niliishia six primaire, darasa ya sita tu, lakini tumbo hii ilizaa architecte, muchoraji wa majengo. Nimesema soko muzima. Hata motari aliyenileta na pikipiki yake anajua.

Jumatano, 8 oktoba
Mvua. Nimemupelekea Clarisse sombe, majani ya muhogo. Matofali mengine yamepangwa safi kando ya ukuta. Mengine yamelala chini, ovyo-ovyo, na vipande. Musoki, présidente wa bamama ba parokia, akanicheka: Mama Clarisse, binti yako anajua kusoma, kufagia hajui! Imeniuma.

Jumamosi, 11 oktoba
Salongo, kazi ya pamoja! Nimeita bamama bote. Clarisse alienda Iga Barrière kutafuta chokaa. Tumefagia mpaka kuku hapati punje. Yale ya ovyo tumebeba na mabeseni, tumejaza mashimo ya barabara, tumeponda na miti ya kutwangia sombe. Bamotari banapita, banapiga klakson: merci, bamama! Musoki hacheki tena. Kesho Clarisse ataona mama yake ni nani!

Jumapili, 12 oktoba
Clarisse hakunipigia kelele. Afadhali angepiga.
Yale ya chini ndiyo mulango mukubwa, upinde wake wote. Alikuwa ameitandaza kama ilivyoanguka, kila tofali kwa nafasi yake, maana kila moja ilikatwa kivyake. Picha? Iko, anasema, ya mbali tu. Bila upinde, mbele haisimami. Kesho kampuni inakuja kuangalia. Bakikosa mulango, ni katapila.
Hajakula.

Jumatatu, 13 oktoba
Tangu alfajiri tunachimba barabara. Bamama bachache tu. Musoki naye iko, anachimba. Motari mumoja: Mama, munatuharibia njia, muna wazimu? Malori yamekanyaga usiku kucha — unga mwekundu tu.
Nimepata moja nzima! Nimeipangusa na kikwembe yangu ya kiunoni, nimekimbia nayo kwa Clarisse. Hii ni ya wapi, mutoto yangu? Akaigeuza. Akaigeuza tena.
— Sijui, mama.
Kisha: leta zingine.
Jembe imevunjika mupini. Nimeingia nyumbani kutafuta ingine, naandika nimesimama. Katapila ya kampuni imefika, inanguruma kule kanisani, na nimemuacha Clarisse amesimama mbele yake, tofali moja mu mikono.