Saini Juu ya Toroli

Gatsata, Jumapili mchana

Papa wangu,

Sisi wazima. Mama amepanda maharage nyuma ya nyumba, mvua imeyapokea vizuri.

Ile fomu ya mafunzo ya kazi kwa mawakili wa Kimihurura, wale wanaotetea wafungwa, mwisho wake ulikuwa Jumamosi moja mwezi uliopita, saa sita mchana. Miaka mitatu nasomea sheria ya jinai chuoni, nikasahau kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, mtaa mzima uko kwenye kazi za pamoja na ofisi zote zimefungwa. Gitifu, mkuu wa kata yetu, nilimkuta mtaroni na jembe. Nikamwomba saini.

“Chimba kwanza, binti yangu. Karatasi haikimbii.”

Nikachimba hadi saa tano na nusu.

Aliposoma fomu akafika kwenye swali la ndugu aliye gerezani. Wenzangu walinishauri nijibu hakuna. Mimi nilikuwa nimeandika jina lako, lote. Akaniuliza taratibu, “Una hakika?”

“Ni Papa wangu.”

Akajipangusa matope, akasaini juu ya toroli. Nikaituma kwa simu zikiwa zimebaki dakika nne.

Juzi wamenipigia. Tuliomba watu sitini, wamechukua wawili, na mmoja ni mimi.

Faili lako sitaruhusiwa kuligusa, nimekubali. Lakini kazi yangu inaanzia huko gerezani kwenu, Jumatatu ijayo.

Usinitafute kwenye mstari wa wageni.

Binti yako,
Iteka