Betri Mpya Hazinywi Maji

Baba,

Betri zako nimezitoa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonichelewesha kukuandikia, na kwa sababu hukupenda habari inayozungushwa.

Gari lenyewe lipo. Lile basi dogo ulilolifanya nyumba ulipostaafu udaktari wa mifugo, ukatia kitanda, jiko na friji ya chanjo, bado limeegeshwa upande wa jikoni. Hakuna aliyelala ndani yake tangu tulipokuzika. Mama hulifungua kila Jumamosi asubuhi, hufagia, hukunja upya blanketi ambalo halijakunjuliwa na mtu, kisha hufunga. Nilidhani ni hayo tu.

Wafugaji wa Sepuka walipouliza ni nani sasa atakayewapelekea kuku wao chanjo ya kideri, nilijibu kwamba ni mimi, niliyesomea kazi yako nikaishia kuifundisha darasani. Sikuwa na hakika na jibu hilo. Hata leo sina hakika nalo kabisa. Niliwasha friji jioni ili kuijaribu, na asubuhi nikaikuta vuguvugu. Chanjo isingefika salama. Nikamwita fundi Hamisi.

Alifungua vifuniko vya betri, akachungulia kwa muda.

“Dada, nani anaziwekea maji hizi?”

“Mimi,” akajibu Mama, amesimama nyuma yetu na kidumu mkononi. “Kila Jumamosi, kama mzee alivyofanya. Maji yake ya dukani yalipokwisha, nikawa nachota kisimani.”

Unakijua kisima chetu, Baba. Unalijua gamba jeupe la chumvi linaloachwa na maji yake ndani ya birika. Hamisi alinitazama, akaanza kukusanya spana zake polepole kuliko ilivyohitajika.

Mama alingoja aondoke.

“Neema. Nimeziua mimi, eti?”

Nilikukumbuka ukiwapa wafugaji habari ya ng'ombe asiyepona. Ulikuwa unaketi kwanza. Basi nikaketi kwenye ngazi ya gari, naye akaketi kando yangu. Nikamwambia kwamba zilikuwa zimekwisha kuzeeka, kwamba wewe mwenyewe, katika safari za mwisho, ulikuwa ukitukatiza katikati ya maneno: “Zimeni taa, betri zinataka kulala.” Kisha nikamwambia na lililobaki: maji ya kisima yaliziharakisha. Kwa kiasi gani, sijui. Tangu siku hiyo najiuliza kama nilisema kweli, au niliipima kwa kijiko kidogo ili aweze kuimeza.

Kuku mmoja akapita, akachungulia chini ya gari, akaenda zake.

“Baba yako angenicheka,” akasema hatimaye. “Angesema, Mama Neema, chumvi tunawapa ng'ombe!”

Akacheka, Baba. Akacheka sana, kisha kicheko kikageuka kilio, nikamshika, na kidumu kikawa katikati yetu, kwa sababu alikataa kukiweka chini.

Hamisi alirudi na betri za lithiamu. Alibadilisha pia kidhibiti cha chaji ya sola, maana kile cha zamani kilizoea betri za maji tu, akafunga na kifaa kidogo cha kuzizuia betri mpya zisiikamue altaneta, jenereta ya injini, kupita uwezo wake. Nilisimamia kila waya, kama vile ningeelewa. Mama aliinua betri moja kwa mikono miwili, akashangaa wepesi wake.

“Hii ina kitu ndani, au tumeuziwa boksi?”

“Imejaa, Mama. Na haina vifuniko, haitaki maji.”

Hata hivyo alipitisha vidole vyake juu yake, akitafuta vifuniko. Nilikuwa nimefikiria uzito, umri wa betri, ubaridi wa chanjo. Sikuwa nimefikiria kwamba ninamwondolea Jumamosi yake.

Huenda Hamisi aliliona hilo kabla yangu. Mama alipouliza kama na sola za juu ya paa hazitaki kitu, alimjibu kwamba hizo zinataka kufutwa vumbi, tena kwa kitambaa laini, la sivyo hata betri mpya zitalala njaa. Sasa Mama anakinga maji ya mvua, kwa kuwa ya kisima huacha madoa. Mimi napanda, yeye ananipa kitambaa na maagizo: “Pale kwenye kona, Neema! Baba yako asingepaacha hivyo.”

Tumekwenda Sepuka, naye akakataa kubaki nyumbani. Kuku walichanjwa. Jioni tuliketi ndani ya gari chini ya taa isiyofifia, nami nikawa nikimweleza mashaka yangu, kwamba pengine nimekuchukulia njia ambayo si yangu. Sikumaliza. Alinyoosha mkono, akazima taa.

“Zinataka kulala,” akasema.

Kioo kidogo cha kidhibiti ukutani kilionyesha kwamba betri zimejaa karibu kabisa. Sikumwambia. Tuliketi gizani tukikuzungumzia, na kwa mara ya kwanza sikuhisi kwamba gari limebadilika.

Pumzika, Baba. Friji sasa inanguruma mpaka asubuhi, na asubuhi ndani mna baridi. Njia ya Sepuka nitaishika kila likizo, na ngazi ya sola nitaipanda mimi. Na taa tutazizima kabla mazungumzo hayajaisha.

Wako,
Neema