Nimemmalizia Marehemu Hadithi Yake

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla kazi haijaenda kwa mchapaji, maana nimefanya jambo kwa nia njema na sasa sina amani nalo. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, naishi Rwamishenye hapa Bukoba, na kila Jumamosi nafundisha watu wazima kuandika hadithi kwenye ukumbi wa parokia, hawanilipi na sitaki wanilipe, kwa sababu sekondari wanafunzi waliniandikia insha za kupata alama, lakini hawa wananiandikia mambo waliyokaa nayo moyoni hadi wameota mvi, na mtu akimaliza kusoma ukurasa wake ukumbi mzima unanyamaza, raha ambayo darasani sikuwahi kuipata.

Mmoja wao alikuwa mama Urmila, mjane mwenye duka la vitambaa mjini, aliyekuwa akiandika jinsi mdogo wake Chetna alivyoondoka na wazazi wao kwa meli kwenda Mwanza na kisha ng'ambo, yeye akabaki kwa kuwa alikuwa ameshaolewa, na siku ile yeye na Chetna walifika bandarini wakiwa wamenuniana, wala hawakuonana tena hadi Chetna alipofia huko. Alipofika pale meli inapopiga honi alikwama, akaniambia, "Mwalimu, hapa sipawezi," nami nikamwambia asiwe na haraka, lakini kabla ya Pasaka akaugua akafariki, na kama waliagana au la hakuwahi kumwambia mtu, na mimi najuta kwamba sikukaa naye nikamsikiliza.

Mwanaye Jayesh akaniomba nimalizie ili wachape nakala za kugawa kwenye kumbukumbu ya mwaka, nikaandika kwamba Chetna anaita jina la dada yake kutoka juu ya meli na Urmila anampungia mkono, na Jayesh aliposoma alilia, akanishika mikono, akasema, "Kumbe waliagana." Nami nikamwacha aamini hivyo. Jumamosi iliyofuata niliwasomea wanafunzi, na Klaudia wa Kibeta, nesi mstaafu aliyekuwa akikaa na Urmila benchi moja, akasema polepole, kwa heshima ya Kihaya, "Waitu mwalimu, huyo si Urmila, ni wewe," akachukua mkoba wake na tangu siku hiyo haji. Je, nimnyang'anye Jayesh faraja yake, au ninyamaze? Na bado nastahili kufundisha?

Mwalimu Annastella, Rwamishenye

Mwalimu, pole kwa msiba. Naona ulimpenda huyo mama, ndiyo maana nitakusema.

Jayesh aliomba mwisho wa hadithi, wewe ukamtungia mama yake maisha. Aliposema "kumbe waliagana", hapo hapo ulipaswa kumwambia kwamba hujui. Ulinyamaza kwa huruma, lakini wajukuu watasoma nakala hiyo na kuamini, na hakutakuwa na mtu wa kuwaeleza.

Kujilaumu kwamba hukumsikiliza, acha. Mtu mzima anayo haki ya kushindwa. Mambo ambayo hakuwahi kumwambia hata mwanaye, alikuandikia wewe hadi kwenye honi ya meli. Unataka malipo gani zaidi?

Sasa fanya hivi. Kesho nenda dukani ukamwambie Jayesh kwamba kurasa za mwisho umezibuni wewe, na mama yake aliishia kwenye honi. Huenda atakasirika. Kaa, usikimbilie kuaga. Achape alichoandika mama yake, basi, asiongezewe hata neno. Kisha panda Kibeta kwa Klaudia. Usijieleze sana kwa yule mama, amefiwa na rafiki na ukamsomea rafiki wa bandia. Mwombe radhi, umwambie kurasa zako umeziondoa.

Na kuhusu kufundisha, swali hilo usiniulize tena. Jumamosi fungua ukumbi. Jayesh naye mwite, maana yapo mengi ambayo hakumwuliza mama yake na sasa hana wa kumwuliza. Mpe kalamu, umwache aandike mwenyewe.