Anselmo Peguero Hakujuta

Mwaka umekatika, Anselmo, tangu figo zako zigome kazi na wewe ugome kulia. Sisi wa nyumbani kwa Mama Fermina tunakuandikia hapa gazetini, mbele za watu, kwa sababu kuna jambo linasemwa juu yako ambalo si kweli, na wewe huwezi tena kusimama mlangoni ukalijibu mwenyewe. Nimepewa kalamu mimi, dada yako Zunilda. Mama anasema katika ukoo huu mimi ndiye mwenye mdomo. Haya, leo mdomo umepata kazi.

Linalosemwa ni hili: kwamba kabla hujafa uliijutia ngoma uliyoicheza siku ile ya fainali. Uongo mtupu. Tulikuwepo.

Lakini hatutaanza na ugomvi, maana hukuwa mtu wa ugomvi. Ulikuwa mtu wa pasi. Kila siku ya mchezo ulipiga pasi suruali yako ya besiboli kwa mkono wako, hukumwamini mke, hukumwamini mama, wala dobi wa klabu. Mstari wa suruali ulisimama hadi ungeweza kukata mkate. Nikakuuliza, "Mwanaume gani anapiga pasi nguo ya kwenda kujigaragaza kwenye vumbi?" Ukanijibu bila hata kuinua macho, "Vumbi linikute nimevaa, dada, lisije likanidharau."

Hukuogopa mtupaji yeyote duniani, hata wale ambao mpira wao hauonekani, unasikika tu. Ila chura! Chura mmoja akiingia jikoni, jitu zima unaruka nyuma ya Yocasta na kumsukuma mkeo mbele kama ngao. Yocasta bado anamtoa chura kwa ufagio, na kila akimtoa anakutukana kidogo, halafu anageuka kutazama nyuma yake.

Baba, Mungu amrehemu, aliendesha treni ya miwa ya kiwanda, na alitaka nawe uiendeshe. Wewe ukaenda uwanja wa vumbi nyuma ya kiwanda na gongo la tawi la mpera. Ulisaini mkataba ukiwa na miaka kumi na saba, ukapanda ndege kwenda Marekani na koti la kuazima lililokuwa na mikono mifupi. Huko ulicheza kwenye vimiji ambavyo hata wenyewe hawavijui, ukapigwa na baridi hadi meno yakalegea, na kila Jumapili ulimpigia mama simu ukisema unakula vizuri. Muongo wewe. Ulirudi umekonda, mama akakupikia sancocho, ule mchuzi wetu mzito wa nyama saba, ukailia kwenye sufuria.

Ligi kuu ya Marekani ulifika, Anselmo. Tunaliandika hapa waziwazi kwa sababu kuna wanaopenda kuongeza, "Ndiyo, lakini kwa kipindi kifupi." Ni kweli, ulikuwa msimu mmoja na kipande. Mtaa mzima ulijaa sebuleni kwetu kukutazama kwenye televisheni, hadi sakafu ikalalamika. Na hao wanaosema kifupi, wao walifika wapi? Walifika dukani kwa Quírico kununua barafu, wakarudi.

Kisha goti. Uliteleza kukimbilia kituo cha pili, likageuka upande ambao goti haligeuki. Wakakupasua, ukajifunza kutembea upya, ukarudi, na wakakufukuza kazi kwa simu ukiwa na mswaki mdomoni. Ulituambia hivyo ukicheka, lakini sauti haikucheka. Ukaenda Meksiko, ukaenda Venezuela, ukachezea timu ambazo mabasi yao yaliharibika njiani, wachezaji wakashuka kusukuma. Na popote ulipokuwa, Oktoba ikifika, ulirudi kuvaa jezi ya timu ya mji wetu. Miaka tisa. Ukatupatia makombe mawili. Tukakubeba mabegani tukakuzungusha mjini, na mama yako akawa malkia wa soko zima. Aliuziwa ndizi nzuri za chini ya kikapu, sio zile za juu.

Mwaka wa kumi ulifika uwanjani ukakuta begi lako nje ya mlango wa chumba cha wachezaji, zipu haijafungwa, mguu wa soksi unaning'inia. Rais wa klabu, Bwana Leocadio, hakutoka. Alimtuma mfua nguo aseme, "Wamesema miguu imezeeka." Yule mzee wa kufua aliona aibu, akakuomba radhi kwa kosa lisilo lake. Ukabeba begi, ukatembea hadi nyumbani kwa miguu hiyohiyo iliyozeeka.

Timu ya mji mkuu, Santo Domingo, ikapiga simu, wale wa jezi za zambarau, watani wetu ambao tangu utotoni tulifundishwa kutema mate tukiwataja. Ulimwendea mama kwanza. Mama ni wa timu yetu tangu kabla hujazaliwa. Anakaa kiti kilekile nyuma ya kituo cha tatu, na mfuniko wa sufuria na kijiko cha kupigia kelele. Ukamwambia, "Mama, wale wananitaka." Akasema, "Nenda ukale, mwanangu. Mimi nitakaa pale ninapokaa."

Ndivyo ilivyokuja ile Jumapili. Mchezo wa mwisho wa fainali, uwanja wetu, mchana kweupe. Tunaongoza kwa alama moja. Imebaki kumtoa mpigaji mmoja tu wa zambarau, kombe libaki nyumbani. Mwenzako mmoja yuko kituo cha kwanza. Kocha wao akaangalia benchi, akakunyooshea kidole wewe, uliyekaa fainali nzima ukitafuna mbegu. Uwanja ukalipuka: "Babu! Babu! Rudi ukalale!" Waliokuwa wanaimba ni walewale waliokubeba mabegani. Mama aliuweka mfuniko mapajani.

Mpira wa kwanza uliuacha upite. Wa pili uliupiga, ukavuka ukuta wa kushoto, ukaangukia barabarani kwenye paa la gari la mikate: alama mbili za zambarau kwa pigo moja. Uwanja ulinyamaza hadi tukamsikia muuza karanga akisema, "Mama yangu weee."

Hapo ungekimbia kimya, wanasema. Ungeinamisha kichwa. Hukuinamisha. Uliinua mikono yote miwili, ukatikisa mabega, ukakata kiuno chako cha ngoma ya merenge kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho, na ulipopita mbele ya kiti cha Bwana Leocadio ukabusu kiganja chako na kumrushia busu. Vijana wetu waliingia kupiga zamu yao ya mwisho, wakatolewa mmoja baada ya mwingine. Kombe likapanda basi la zambarau.

Na katika ule ukimya, kabla hujamaliza kuzunguka, ulisikika mfuniko mmoja wa sufuria ukipigwa. Mwanamke wa kiti cha jirani akamshika mama mkono. "Mama Fermina, una wazimu? Yule ni adui!"

"Adui nimemzaa mimi," mama akasema, akaendelea kugonga.

Tulilipa, ndugu zangu wasomaji. Nyumba ilipigwa mayai. Ukutani tuliandikiwa MSALITI kwa herufi za mtu aliyeacha shule mapema. Kinyozi alikwambia wembe umeharibika, na palepale yuko anamnyoa mtu. Yocasta akalia, akasema tuhamie Santo Domingo. Ukamwambia, "Nihame kwa lipi? Nimepiga mpira, sikuua mtu." Kesho yake ukanunua rangi ukaipaka nyumba nzima ya mama zambarau, juu ya lile neno na juu ya kila kitu. Mama alitoka na ufagio. "Nyumba yangu si kofia yako! Futa hii!" Ukaifuta, mwanaume wa watu, huku majirani waliotupa mayai wamejificha nyuma ya mapazia wanakufa kwa kicheko. Nadhani siku ile ndipo walianza kukurudia, ingawa hawakusema.

Kwa maana walirudi, mmoja mmoja. Walikuletea watoto wao uwafundishe kupiga, pale uwanja wa vumbi, jioni. Uliwafundisha wote na kuwafokea wote kwa usawa. "Macho kwenye mpira! Mama yako hayuko kwenye mawingu!" Baba zao walikushukuru, wakacheza nawe dhumna, wakala kwako. Lakini kila mara mmoja angekohoa, aseme, "Anselmo, wewe ni mtu mwema. Ila ile ngoma..." Na wewe ungeweka kete yako mezani, pah, useme, "Zamu yako."

Sasa tufike pale hospitalini. Siku za mwisho mwisho, rafiki yako Toribio, mliyecheza naye miaka yote tisa, alikaa kwenye ukingo wa kitanda akakuuliza mbele yetu, "Ndugu yangu, uniambie kweli. Hujuti?"

Ukasema, "Najuta."

Yocasta akaacha kukukanda miguu.

"Najuta nilikimbia haraka," ukasema. "Ningejua sitarudi tena pale, ningetembea." Ukacheka hadi nesi akaja kukukemea. Toribio naye alicheka huku machozi yanamtoka, na alipotoka akausimulia mji mzima, kwa nia njema. Habari ikafika kwa Bwana Leocadio, ambaye bado ni rais wa klabu, maana huyo miguu yake haizeeki. Yeye akachukua lile neno la kwanza, yaliyobaki akayaacha hospitalini.

Mwezi uliopita alikuja nyumbani na keki kubwa, kofia mkononi.

"Mama Fermina, klabu imeamua," alisema. "Namba ya jezi ya Anselmo itawekwa ukutani pale uwanjani, mkabala na kiti chako. Ukikaa tu unaiona."

Mama alishika mikono ya kiti chake. Anselmo, tusidanganyane: alitaka. Macho yake yanafifia, daktari ameshasema, na hakuna kitu ambacho angependa kukiona kabla hayajafunga kama namba yako kwenye ukuta ule. Akauliza kwa sauti ndogo, "Lini?"

"Siku ya kutimiza mwaka. Nami nitasema maneno machache. Kwamba alikuwa mwana wa mji huu, kwamba alikosea siku moja, kwamba alijuta kabla ya kufa, na kwamba sisi tumemsamehe."

Yocasta akaweka chini sinia la kahawa. "Mmemsamehe nini?"

"Binti yangu, watu bado wana vidonda."

Mama akamgeukia. "Leocadio. Wewe ulimwomba radhi kwa lile begi?"

"Mama, lile lilikuwa suala la kikazi."

"Na ule mpira ulikuwa suala la nini? La kanisani?"

Akafuta jasho. "Mama Fermina, nakuomba. Yote kwa yote ni sentensi moja tu."

"Kama ni moja tu, itoe."

Alizungusha kofia mkononi, akasema hawezi, wanachama hawatakubali namba bila lile neno. Mama akasema, "Basi nenda." Akainuka na keki yake. Mama akamwambia, "Keki iache. Msamaha wako ondoka nao."

Alipoondoka nilidhani mama atacheka, kwa sababu mimi nilikuwa tayari nimeshika mbavu. Hakucheka. Alilia kama siku tuliyokuzika. "Nilitaka kuiona ile namba, Zunilda." Nikamwambia najua, mama. Akasema, "Ningekuwa naisoma pale kila mchezo, na uongo wake pembeni." Akajifuta kwa kanga ya jikoni, akaagiza keki ikatwe, akala kipande kikubwa kuliko chetu sote.

Basi mji wote ujue. Ukutani hakuna namba, na aliyeizuia ni mama yake. Yeyote atakayesimama popote aseme Anselmo Peguero alijuta, awe rais wa klabu au awe askofu, amesema uongo, na sisi tuliokuwa kando ya kitanda tuko hai na anwani yetu inajulikana.

Misa itakuwa Jumamosi asubuhi, parokiani, na baada yake chakula nyumbani. Tumeshachagua kuku, na Toribio analeta dhumna. Njooni nyote. Hata mliotupa mayai, tunawajua kwa majina, njooni mle. Njooni na kofia ya timu yoyote, mama atavaa ya kwake, na asimwambie mtu mwenzake aivue.

Tunaokukumbuka, Anselmo: mama yako Fermina, mkeo Yocasta, wanao Yokairy na Wilkin, aliyerithi goti zima, Mungu amlinde nalo, dada yako Zunilda, kaka yako Eleuterio, aliye New York, ambaye tangu siku ile hajavua kofia ya zambarau hata kazini, wajukuu, mashemeji, na watoto wote wa uwanja wa vumbi.

Hutatutoka moyoni siku zote tutakazopewa. Kwa Mungu tunakuombea rehema kila asubuhi. Kwa binadamu hatukuombei radhi.