Meno ya Maji ya Kisima

Mutheu mwanangu,

Huku Malili mvua imenyesha na yule mbuzi wako amezaa mapacha.

Kwa daktari wa meno nilienda, vile ulitaka. Aling'oa gego lililokuwa likiniuma, kisha akasema umempigia simu: ayasage haya meno ya mbele, ayavalishe vifuniko vyeupe kabla ya harusi yako. Nikamuuliza kama ni ugonjwa. Akasema hapana, ni rangi ya kahawia tu iliyoachwa na maji ya kisima, lakini nitapendeza. Tukabishana, nikafunga leso yangu nikatoka.

Maji hayo ndiyo yaliyokulea. Ulipoyafunika meno yako huko Nairobi, sikukuuliza kitu.

Harusini nitakuja. Wakati wa picha nitafunga mdomo.

Ni mimi mamako,
Kalunde