Nimepangiwa

Nyumbani kwa Mama Veneranda,
Mwanga, Kigoma.
9 Julai 2007

Kwako Baba yangu mpendwa, Mzee Ntakarutimana,

Shikamoo Baba. Naomba barua hii ikukute umeshakula, umeketi, na lile goti la kushoto halikusumbui. Mama hajambo? Ella bado anakohoa? Mimi huku ni mzima kabisa. Nakula samaki wale migebuka wa Mama Veneranda mpaka naona haya, naye kila siku anashikilia kwamba nimekonda. Anakusalimu sana, na anauliza kama bado unakumbuka kukamua mawese kama mlipokuwa majirani Ilagala.

Kibali changu cha kutoka kambini kilikuwa cha siku thelathini, na zimebaki nane. Siku zote hizi nimekuwa mtu wa kwenda na kurudi kwenye ile ofisi ya ufadhili karibu na stesheni, kwa Bibi Honorata, anayeshughulikia watu waliopata nafasi ya kusoma shahada ya pili ng'ambo. Ni mama mwenye kalamu mbili, ya bluu ya kuandikia na nyekundu ya kukuaibishia. Fomu yangu ilirudi mara tatu kwa sababu ya jina la ukoo. Hakuelewa inakuwaje wewe uwe Ntakarutimana, mimi Bukeyeneza, na mdogo wangu Ella awe Niyokwizera, halafu tuseme ni nyumba moja. Nikamweleza kwamba kwetu kila mtoto hupewa jina lake. Akauliza sasa mtu atajuaje kuwa ninyi ni ndugu. Nikamjibu kwamba atajua tukianza kugombana. Hapo ndipo nilipoyaona meno yake kwa mara ya kwanza.

Nafasi nimeipata, Baba. Ni miaka miwili ya kusomea maji safi, Marekani. Chuo chenyewe huchagui, unachaguliwa na kamati, kama wachumba wa zamani. Niliomba chuo kilicho karibu na ziwa. Wamenipa mji wa bara kabisa ambako, kwa maelezo ya Bibi Honorata, kuna mahindi tu mpaka macho yachoke. Nilicheka peke yangu njiani: mtoto wa Ilagala, kando ya ziwa, anapelekwa kujifunza maji mahali pasipo na maji!

Kisha akanisomea masharti. Nisihame chuo bila ruhusa. Nisipunguze masomo. Nisifanye kazi ya ujira nje ya chuo. Kila muhula nipeleke taarifa. Hayo yote niliyaitikia bila wasiwasi. Lakini kipengele cha tisa kilisema kwamba nikimaliza nitarudi nchini kwangu na kuitumikia kwa miaka miwili.

Baba, nilimwomba akisome tena. Kwenye karatasi nchi yangu ni Burundi, na mimi Burundi sijaikanyaga hata kwa kidole. Wewe uliikimbia mwaka sabini na mbili. Mimi nilizaliwa chini ya michikichi yako pale Ilagala, na tukatolewa pale kupelekwa kambini nikiwa darasa la saba. Niliona kama natia saini ya kurudishwa kwenye mambo ambayo wewe mwenyewe mpaka leo hutaki kuyasimulia. Nikamwomba Bibi Honorata anipe muda. Alikunja uso, lakini aliandika barua kwa wakubwa wake, na leo asubuhi majibu yamekuja: nitarudi nilikoombea nafasi, yaani Tanzania, na kazi yangu itakuwa humu humu mkoani Kigoma. Limeandikwa, limegongwa muhuri. Nilitoka nikaketi kwenye ngazi za stesheni, nikalia kama mtoto, mpaka muuza machungwa akanimenyea moja bure. Nilikuwa nalia kwa furaha ya kutua mzigo.

Mzigo mmoja, lakini. Wa pili nautua sasa, nawe nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujamwita Mama.

Wiki mbili zilizopita nilimtuma katekista Pastory akuambie kwamba nimepangiwa. Huko kambini Mtabila neno hilo lina maana moja tu: familia imepata nchi ya kuhamia, majina yamebandikwa ubaoni, watu wafungashe. Pastory aliporudi alinisimulia kwamba ulisimama kanisani ukashukuru, kwamba umempa jirani Castory mbuzi wote wawili kwa kuwa mbuzi hawapandi ndege, na kwamba Mama ameanza kuaga majirani. Nikamwambia Pastory kwamba maskini, mmenielewa vibaya.

Hamkunielewa vibaya. Ulimi wangu haukuteleza. Nimepangiwa chuo, mimi peke yangu, na neno "chuo" nililiacha makusudi. Wakati wa Pasaka ulikwishasema kwamba binti haondoki peke yake kwenda asikojulikana, kwamba ni kwenda wote au kubaki wote. Nilijua ukisikia "nimepangiwa" utanibariki bila kuuliza. Na kweli ulinibariki. Ulimpa Pastory karatasi yenye mwandiko wako, "Imana iguhezagire", Mungu akubariki, nami nimelala nayo chini ya mto usiku kumi bila usingizi. Wahenga walisema radhi ni bora kuliko mali. Mimi radhi yako niliiiba.

Karatasi hiyo utaikuta ndani ya bahasha hii. Nairudisha, maana uliiandika kwa ajili ya safari nyingine.

Castory nimemwandikia mwenyewe kuhusu mbuzi, na nimemweleza kwamba kosa ni langu. Mama na Ella nawaomba msamaha. Majirani watasema, waache waseme, ila waambie ni mimi niliyedanganya, si wewe uliyesikia vibaya.

Ijumaa nitatia saini. Sitakudanganya tena, Baba: hata ukikataa nitatia, na miaka miwili ikiisha nitarudi. Lakini Pastory, anayekuletea barua hii, atakuwa huko mpaka Alhamisi asubuhi. Ukiweza, mpe karatasi nyingine. Iwe fupi, iwe na hasira ukipenda, lakini uandike humo kwamba unajua naenda peke yangu.

Kifua kimekuwa chepesi. Nisalimie wote wa nyumbani, na goti lipakwe mafuta.

Ni mimi binti yako,
Bukeyeneza